Shahada ya Fani Nyingi na Deni Lake

Hotuba kwa wanachama wa hekalu na majirani, Ilembo, Mpanda



Kamati imeniomba niseme machache juu ya elimu ya watoto wetu, kwa kuwa katika maadhimisho haya tumekubaliana kutenga fungu la fedha kwa ajili ya vijana wa Ilembo, wa kwetu na wa majirani bila ubaguzi. Fungu lenyewe si kubwa, na kwa sababu si kubwa tunalazimika kukubaliana litumike wapi. Wapo waliopendekeza tulipe ada ya mwaka wa kwanza kwa wale waliokosa mkopo wa Serikali. Ni wazo la huruma, nami nawaheshimu walioitoa hoja hiyo. Mimi nina pendekezo jingine, ila kabla ya kulitaja naomba niwapitishe katika hesabu. Nilisoma hadi kidato cha nne, sikufika chuo kikuu, na sitajifanya mwanazuoni mbele ya walimu walioketi hapa. Lakini deni nalijua. Kila Diwali familia zetu huweka madaftari ya hesabu mbele ya madhabahu na kufungua daftari jipya. Na mtu hafungui daftari jipya pasipo kujua katika lile la zamani anadai nini na anadaiwa nini.

Nitazungumzia aina moja tu ya shahada. Ni zile zinazochanganya fani kadhaa pasipo kumfunga mwanafunzi katika kazi moja: uchumi kidogo, siasa kidogo, sosholojia kidogo, mazingira kidogo, takwimu kidogo. Hapa nchini aghalabu huitwa shahada ya taaluma za maendeleo, au shahada ya sanaa ya jumla kama ile ambayo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kikiitoa. Huko Marekani huitwa waziwazi shahada ya taaluma mseto. Jina liwe lolote, swali la mzazi ni lilelile: mwanangu akirudi na cheti hiki atafanya kazi gani, na deni atalilipaje?

Kwanza tusiyadharau masomo haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1973, na somo hilo likawa la lazima kwa wanafunzi wa fani zote. Mhandisi alilisoma, daktari alilisoma, mwanasheria alilisoma. Nia ilikuwa kwamba mtaalamu asiifahamu mashine akasahau kijiji ambamo mashine ile inakwenda kufungwa. Tazameni basi mpangilio wake: somo la mseto lilikuwa mwandani wa fani, halikuwekwa mahali pa fani. Mwaka uliofuata, Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma, lililotaka kijana asitoke shuleni na kuingia chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi na apate sifa njema kazini. Wenye umri wangu wanakumbuka manung'uniko ya wakati ule. Sharti hilo lililegezwa baadaye, na sina haja ya kulirudisha. Nalitaja kwa sababu kijana wa zama zile aliyesoma mambo mengi kwa pamoja alikuwa pia na fani mkononi, na mara nyingi na kazi nyuma yake. Wala hakurudi nyumbani na deni, kwa kuwa gharama ilibebwa na Serikali.

Hayo yote matatu yamebadilika. Siku hizi kijana anaweza kusoma mseto peke yake kwa miaka mitatu, akiwa hajawahi kufanya kazi ya mshahara hata mwezi mmoja, na kwa fedha za mkopo. Mikopo inayodaiwa hadi leo inaanzia ile iliyotolewa Julai 1994. Kisha ikatungwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi Julai 2005. Bodi imefanya jambo kubwa. Bila hiyo, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa huku kwetu asingeota kuuona ukumbi wa mihadhara. Kwa mwaka wa masomo 2022/2023 Serikali ilipandisha fedha za chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hizo ni fedha za walipa kodi, na ni haki zirudishwe ili mwingine naye asome. Sina ugomvi na deni. Ugomvi wangu ni na mzazi anayetia saini ya udhamini bila kujua anadhamini kiasi gani.

Basi tuhesabu. Tuchukue mwanafunzi aliyepewa mkopo kamili. Si wote hupewa kamili, kwa maana Bodi hupima uhitaji wa kila mmoja, lakini tumchukue huyo. Chakula na malazi shilingi 10,000 kwa siku, tuseme siku 240 kwa mwaka: shilingi 2,400,000. Ada, tuseme 1,000,000. Vitabu na karatasi, tuseme 200,000. Jumla ni 3,600,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 10,800,000. Ongezeni asilimia 1 ya gharama za uendeshaji inayotozwa mara moja, yaani 108,000. Kijana wetu anatoka chuoni akidaiwa shilingi 10,908,000. Fedha za mafunzo kwa vitendo sijazitia.

Tumpe sasa kazi ya mshahara wa shilingi 700,000 kwa mwezi katika kampuni binafsi. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 10, yaani 70,000. Zinazobaki 630,000 zinakatwa kodi ya 42,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo ni 105,000. Mkononi zinabaki 483,000. Ni mshahara wa kuishi mjini kwetu kwa nidhamu, na deni litakwisha kwa miezi 104, yaani miaka 8 na miezi 8. Kama alianza kazi akiwa na miaka 25, atamaliza karibu na 34. Si jambo la kutisha. Atakuwa ameoa, au binti ameolewa, na watoto wameanza shule, na deni limekwisha.

Lakini tumpe mshahara wa shilingi 300,000, ambao kwa anayeanza kazi madukani na maghalani hapa Mpanda si ajabu kuuona. Hifadhi ya jamii 30,000. Kodi hana, kwa sababu 270,000 za kwanza hazitozwi. Bodi inachukua 45,000. Mkononi zinabaki 225,000, na deni litamchukua miezi 243. Hiyo ni miaka 20 na miezi mitatu. Shahada ni ileile na deni ni lilelile. Huyu wa pili atakuwa analipa masomo yake wakati mtoto wake mwenyewe anaomba mkopo.

Nawasikia wengine wakisema, basi asiajiriwe, afungue biashara yake. Vyema, mimi ni wa mwisho kumkataza mtu biashara. Lakini sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, hiyohiyo iliyopandisha makato ya mwajiriwa kutoka asilimia 8 hadi 15, inamtaka aliyejiajiri naye alipe, na si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Kijana mwenye kibanda cha kuuza vocha na kutoa huduma za fedha za simu atalipa zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa mshahara wa 300,000. Sheria inamwazia mfanyabiashara aliyekwisha kusimama. Na mfanyabiashara yeyote aliyeketi hapa anajua kwamba miaka miwili ya mwanzo biashara humlisha mwenye nyumba ya pango kabla ya kumlisha mwenye biashara.

Kuna jambo moja la faraja, nalo lazima nilitaje, kwa kuwa wako wazazi hapa ambao bado wanaogopa habari za zamani. Hapo nyuma Bodi ilikuwa ikitoza asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya mkopo, na asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Rudini kwa kijana wetu wa shilingi 300,000. Asilimia 6 ya 10,908,000 ni 654,480 kwa mwaka. Yeye alikatwa 45,000 mara 12, yaani 540,000. Kwa maneno mengine alilipa mwaka mzima bila kukosa mwezi, na mwisho wa mwaka deni limeongezeka kwa zaidi ya shilingi 114,000! Mwenye mshahara mkubwa hakuyaona hayo, maana makato yake yaliishinda tozo. Tozo ile ilimwangukia mwenye kipato kidogo, na wenye shahada za mseto wengi wako humo. Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo tozo hiyo pamoja na ile adhabu ya asilimia 10 zikaondolewa. Kwa hiyo, aliyekimbia kwa hofu ya deni linalozaa kila usiku, na ajitokeze. Leo kila shilingi anayolipa inapunguza deni. Wenzetu wa Kenya bado wana riba ya asilimia 4 na faini ya shilingi 5,000 za kwao kwa kila mwezi wa kuchelewa.

Sasa tuulize kwa nini wa kwanza apate 700,000 na wa pili 300,000, ilhali wamesoma shahada moja. Hapa naomba niseme kama mwajiri.

Alinijia kijana mmoja na bahasha yenye cheti cha taaluma za maendeleo. Nikamwambia, "Mwanangu, hongera. Jumatatu asubuhi unaweza kunifanyia kazi gani?" Akajibu kwa adabu, "Mzee, kazi yoyote naiweza." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi sana, na ndilo linalowashusha vijana hawa. Mwajiri anayesikia "kazi yoyote" humpa mtu kazi ya mtu yeyote, na mshahara wa mtu yeyote. Aliyesoma uhasibu hajibu hivyo. Anasema, nitafunga vitabu vyako vya mwezi na kutayarisha ritani za kodi. Huenda hana akili kumzidi yule wa mseto, ila bidhaa yake ina lebo.

Nilimchukua, akaanza kuhesabu mifuko ya mbolea ghalani. Baada ya miezi michache nikamtuma Kakese kufuatilia madeni ya wakulima wa mpunga. Alirudi na madeni kiasi, na pia na daftari ambalo sikumwagiza. Humo ameandika kila mkulima ana ekari ngapi, barabara yake inakatika mwezi gani, anauza lini, nani katika nyumba anashika fedha, na wiki ipi fedha zinakwisha. Akaniambia, "Mzee, mbolea yetu inafika wakati ambao fedha zao zimekwisha kwenda kwenye ada za shule. Tukiileta mapema, watanunua kwa fedha taslimu." Mimi nimeuza pembejeo miaka mingi na sikuwahi kuyapanga mambo hayo katika ukurasa mmoja. Huo ndio uwezo wa mseto: kuona udongo, bei, barabara na familia kwa wakati mmoja. Uwezo huo ulikuwamo ndani yake tangu siku ya kwanza. Haukuandikwa kwenye cheti, wala yeye hakujua kuutaja. Kijana huyo sasa anajiandaa kwa mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na mshahara wake si ule wa mwanzo. Kiasi sitakitaja, maana wenzake wamo humu ukumbini.

Serikalini nako mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Someni matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Hutaja fani inayotakiwa kwa jina, kisha huongeza maneno ya "au sifa nyingine zinazofanana na hizo". Mwenye shahada ya mseto huishi ndani ya maneno hayo. Pengine anafanana, pengine hafanani. Anayeamua ni mchambuzi wa maombi aliyeketi mbele ya maelfu ya majina. Na ni maelfu kwelikweli. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70, na watu zaidi ya 10,000 wakajaa Uwanja wa Taifa kwa usaili. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, na walioomba walikuwa 135,027. Gawanyeni wenyewe: watu kama 85 kwa kiti kimoja. Katika foleni ya namna hiyo, asiyeeleweka kwa mstari mmoja huachwa pembeni, hata kama ni bora.

Kuna anayeweza kuuliza, je, hakuna takwimu za kutuonyesha shahada ipi inalipa? Nchini Marekani, tangu 2015, Idara ya Elimu huweka hadharani orodha iitwayo College Scorecard, ambamo mzazi anaona wahitimu wa chuo fulani walikopa kiasi gani na wanapata kiasi gani. Baadaye wakaongeza hata fani mojamoja. Ni kitu chema. Ningependa kuona nasi hapa, katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, pembeni mwa sifa za kujiunga na miaka ya masomo, safu moja zaidi ya mapato ya waliotangulia. Lakini kwa shahada ya mseto hata orodha ya namna hiyo haimalizi swali. Mhasibu na mhasibu wamesoma kitu kimoja, hivyo wastani wao una maana. Wawili wa mseto huenda wamechukua masomo tofauti kabisa: huyu takwimu na uchumi, yule fasihi na siasa. Ukichukua mapato yao na kutafuta ya katikati, unapata mtu ambaye hayupo. Ni kama kuchanganya bei ya saruji na bei ya sukari ukasema hii ndiyo bei ya dukani kwangu.

Ndiyo sababu simwambii mzazi yeyote kwamba shahada hii ni mbaya. Inategemea anayekwenda nayo. Mwalimu wa shule ya msingi, karani wa halmashauri au afisa wa chama cha ushirika, ambaye tayari ana kazi na anahitaji shahada ili apande daraja, kwake mseto ni mzuri sana. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Anasoma jioni na mshahara unaingia. Huyu fani anayo. Anaongeza upeo, kama ilivyokusudiwa Dar es Salaam mwaka 1973. Kijana wa kidato cha sita anayeondoka Ilembo na sanduku lake ana hesabu tofauti, kwa kuwa juu ya ile milioni 10 na ushei anaacha pia mapato ya miaka mitatu. Hata kwa shilingi 200,000 kwa mwezi hizo ni 7,200,000, ingawa hakuna anayemletea ankara yake.

Tena kuna mseto na mseto. Hapa hapa mkoani kwetu, Kibaoni, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda, na miongoni mwa yaliyofundishwa huko ni shahada ya rasilimali za nyuki. Itazameni: ndani yake kuna wadudu, kuna mimea, kuna misitu, kuna biashara. Ni mseto mtupu. Ila mseto huo umefungwa kwenye kitu kimoja kinachoshikika, nacho ni asali, na Katavi ni nchi ya asali. Mhitimu wake akiulizwa Jumatatu asubuhi atafanya nini, ana jibu. Sisemi watoto wote wakafuge nyuki. Nasema mseto unahitaji mzinga wa kuukusanya.

Mama mmoja jirani yetu aliniuliza wiki hizi: binti yake anapenda kazi za jamii, amepata alama za kutosha kwa taaluma za maendeleo, hakupata za fani nyingine aliyoitaka, amzuie? Nilimjibu, usimzuie, dada yangu. Mwache aende, lakini mketi naye leo mwandike atashika kitu gani cha pili. Katika masomo ya hiari achague takwimu na uhasibu wa miradi, hata kama ni magumu. Likizo asikae nyumbani. Aende ofisi ya kata, aende kwenye ghala, ajifunze kuandaa taarifa na bajeti. Akitoka chuoni, kabla ya kutuma maombi hamsini, apate cheti kimoja cha kitaaluma kinachojulikana kwa jina. Mama akasema, "Cheti hicho nacho kina ada, na mkopo wa Bodi haukifikii." Alisema kweli, na hapo ndipo lilipotoka pendekezo langu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, napendekeza fungu letu lisilipe ada za mwaka wa kwanza. Ada ya mwaka wa kwanza ikilipwa, nani atalipa ya pili na ya tatu? Tutakuwa tumemsukuma mtoto katikati ya mto. Mkopo wa shahada ni kazi ya Serikali, na Serikali ina mabilioni ambayo sisi hatuna. Fungu letu liende mahali ambapo Serikali haifiki, katika miezi ile baina ya kuhitimu na kupata kazi. Sheria inampa mhitimu asiye na kazi miezi 24 kabla ya kuanza kurejesha. Hiyo miezi 24 ndiyo mtaji. Katika muda huo tumlipie ada ya mitihani ya bodi ya uhasibu au ya ununuzi na ugavi, au kozi fupi pale VETA Mpanda, au leseni ya udereva kwa anayetaka kazi za miradi vijijini. Kwa fedha ambazo zingemlipia mtoto mmoja mwaka mmoja wa chuo, tunaweza kuwasaidia wahitimu kadhaa. Na kila atakayenufaika, akipata kazi, arejeshe nusu ya alichopewa bila riba. Daftari atalishika Mweka Hazina, na litafunguliwa mbele ya wote kila Diwali.

Pili, nasi waajiri wa mji huu tuwe na sehemu yetu. Wanachama wenye maduka, magereji, viwanda vya kukoboa mpunga na maghala watoe nafasi za mafunzo ya miezi sita kwa mhitimu mmoja mmoja, kwa posho inayojulikana, na mwisho wamwandikie barua inayosema amefanya kazi gani hasa. Barua isiseme "ni kijana mwaminifu". Iseme "aliandaa orodha ya bidhaa 400 na kupunguza upotevu". Waaminifu wote wana barua.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wafanyabiashara wenzangu hawatalipenda. Wapo wanaokubaliana na kijana asiandikwe popote, ili Bodi isimwone na wao wasisumbuliwe na makato. Wapo pia wanaomkata kijana asilimia 15 kila mwezi, kisha fedha zinabaki kwenye mzunguko wa duka. Huyo wa kwanza anamwibia kijana kesho yake, kwa sababu deni halifi na hifadhi ya jamii haikui. Huyo wa pili anamwibia leo. Sheria inataka makato yafike Bodi ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha, na kijana ana haki ya kuangalia taarifa ya deni lake aone kama limepungua. Vijana, angalieni kila mwezi. Mkiona halipungui, muulizeni mwajiri kwa heshima. Asipojibu, iandikieni Bodi. Nami nikiwa mwajiri wenu, fanyeni vivyo hivyo.

Jambo la mwisho ni dogo nalo halihitaji kura. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, meza itawekwa barazani upande wa ukumbi, kila Jumamosi saa tisa alasiri, hadi dirisha la maombi ya mkopo lifungwe. Walimu wawili wamekubali kukaa nami. Mzazi aje pamoja na mtoto, wasitumane. Waje na mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu ikiwa wanao, na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kinapaswa kuhakikiwa na RITA na wengi huchelewa hapo. Tutaandika kwa kila kozi wanayoifikiria: deni litakuwa kiasi gani, makato yatakuwa kiasi gani kwa mshahara wa chini na wa juu, na ile kazi ya Jumatatu asubuhi ni ipi. Karatasi wataondoka nayo. Kikokotoo kipo, na chai ya tangawizi itakuwapo.